Aisilandi: nchi ileile, kisiwa kilekile, mara ghali kuliko zote Ulaya, mara ya kawaida tu. PPP inapima nini hasa?

#1 Mzani

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, wakitoa orodha ya nchi ghali za Ulaya, ubishi ni uleule na jibu ni lilelile: Aisilandi ni ghali kwa sababu ni kisiwa, watu ni wachache, baridi kali, kila kitu kinakuja kwa meli. Jibu linaingia akilini, ndiyo maana hakuna anayelichokonoa. Leo nalichokonoa mimi.

Mwaka 2017 bei za matumizi ya kaya Aisilandi zilifika 166, ukichukua wastani wa Umoja wa Ulaya kuwa 100. Hata Uswisi haikufua dafu. Sasa rudi nyuma hadi 2009: nchi hiyohiyo ilikuwa imeteremka hadi jirani na wastani. Rudi tena miaka miwili, 2007, unaikuta juu huko pamoja na akina Denmaki na Norwei. Naomba mnieleze, kati ya 2007 na 2009 kisiwa kilisogea karibu na bara? Watu waliongezeka? Meli ziliacha kutoza?

Kilichosogea ni krona, fedha yao. Mwanzoni mwa 2008 euro moja uliipata kwa krona 91 hivi. Oktoba ya mwaka huo mabenki matatu makubwa, Glitnir, Landsbanki na Kaupthing, yalianguka ndani ya wiki moja kama vigae vya domino, na mwaka ulipofungwa euro ilikuwa krona 170.

Twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Bei hizi nimezitunga ziwe nyepesi. Chukua bidhaa mbili tu. Ya kwanza ni euro 3 kwenye kanda ya euro na krona 600 Aisilandi. Gawanya, unapata krona 200 kwa euro. Ya pili ni euro 2 na krona 250, yaani krona 125 kwa euro. Zidisha 200 kwa 125, tafuta kipeuo cha pili, unapata 158. Hiyo 158 ndiyo PPP yetu, usawa wa uwezo wa kununua: kwa kikapu hiki, krona 158 zinafanya kazi ya euro moja.

Sasa nenda kwa wabadilisha fedha. Kama euro inauzwa krona 120, gawanya 158 kwa 120, jibu 1.32. Nchi ni ghali kwa asilimia 32. Usiku krona ianguke, asubuhi euro iwe 170. Gawanya 158 kwa 170, jibu 0.93. Nchi imekuwa nafuu kwa asilimia 7, na hakuna mwenye duka aliyebandua hata lebo moja.

Msimamo wangu ni huu: nchi ndogo yenye fedha yake, ukiona imepanda au imeshuka kwenye hizo orodha, angalia fedha kwanza, duka baadaye. Karibuni mnirushie mawe.

#2 Kibatari

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3 Kokotoa

Mkuu Mzani, kuna sehemu unaruka. Unasema 2009 Aisilandi ilishuka hadi wastani, kama vile wananchi walipata ahueni. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 18.6 Januari 2009! Benki kuu ilipandisha riba hadi asilimia 18. Nchi "inashuka bei" huku wenyewe wanalia bei zimepanda? Kwa hesabu yako lebo hazikubanduliwa. Kiuhalisia zilibanduliwa kila wiki.

#4 Mzani

Kokotoa, umenishika pazuri, na hapo ndipo utamu ulipo. Mfano wangu uligandisha lebo ili muione krona peke yake. Sasa tuziachie.

Chukua kikapu chetu cha 158. Kabla ya balaa, euro kwa krona 91: 158 kwa 91 ni 1.74. Weka mfumuko wa asilimia 18, kikapu kinakuwa 186. Euro imefika 170. 186 kwa 170 ni 1.09. Mwananchi kapandishiwa asilimia 18. Mgeni mwenye euro kaona nchi imetoka 174 hadi 109. Wote wawili wanasema kweli, na wote wamesimama mbele ya rafu moja.

Hiyo ndiyo sababu nakereka mtu anapochukua orodha ya viwango vya bei na kuisoma kama ripoti ya maisha ya wananchi. Orodha inauliza: aliyebadilisha fedha yake leo anapata nini? Mwenye mshahara wa krona hana fedha ya kubadilisha. Yeye swali lake ni mshahara kwa lebo, na 2009 mshahara ulikuwa unaachwa na lebo.

Tena kuna mikopo. Tangu 1979 sheria yao inaruhusu mkopo kufungwa kwenye kiwango cha bei. Mfumuko ukipanda asilimia 18, deni lenyewe linapanda asilimia 18, achilia mbali riba. Tuseme ulikopa krona milioni 20 za nyumba. Mwaka unapita unalipa kwa uaminifu wako wote, unaangalia salio, unakuta zaidi ya milioni 23. Wengine walikopa kwa mikopo iliyofungwa kwenye yeni na faranga za Uswisi kwa sababu riba ilikuwa chini. Hao deni lilikaribia kuongezeka maradufu, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Juni 2010 kwamba kufunga mkopo wa krona kwenye fedha ya kigeni ni kinyume cha sheria. Kwenye chati ya Eurostat miaka hiyo ni mteremko mzuri wa kuelekea 100.

#5 Mlafi_wa_Takwimu

Nikazie hapohapo na kisa cha Big Mac, hambaga ya McDonald's, maana nashangaa hakijatajwa bado.

Wote mnajua gazeti la The Economist walianzisha kile kipimo chao 1986, nusu utani: hambaga ni ileile kila nchi, basi linganisha bei yake, utajua fedha ipi imezidishiwa thamani. McDonald's walifungua Reykjavik 1993. Oktoba 2009, mwaka mmoja baada ya mabenki kuanguka, wakafunga migahawa yote mitatu na hawajarudi hadi leo.

Sababu waliyotoa mwenye leseni ilikuwa ya kihasibu kabisa. Nyama, jibini, hadi vifungashio, vilikuwa vinaagizwa kutoka Ujerumani kwa euro, na gharama ilikuwa imeongezeka maradufu ndani ya mwaka. Big Mac ilikuwa krona 650. Ili wapate faida ya maana ilibidi iwe 780, ambayo kwa dola za wakati ule ni kama 6.36, yaani ghali kuliko Uswisi na Norwei zilizokuwa zinaongoza dunia.

Sasa oneni kichekesho. Krona imeanguka, nadharia inasema hambaga ya Aisilandi ingeonekana ya bei nafuu. Badala yake ikataka kuwa ghali kuliko zote duniani, kwa sababu haikuwa hambaga ya Aisilandi. Ilikuwa hambaga ya Ujerumani iliyopikwa Reykjavik. Waliochukua maduka yale wakabadilisha jina, wakaanza kutumia nyama ya nchini, biashara ikaendelea. Rula ikavunjika, kilichokuwa kinapimwa kikabaki.

#6 Mzani

😂😂 "Hambaga ya Ujerumani iliyopikwa Reykjavik." Naiiba hiyo.

Ila umegusa jambo zito. Kwenye uchumi mdogo kikapu kimegawanyika pande mbili: vinavyotoka nje, ambavyo bei yake inaifuata krona ndani ya miezi, na vya ndani, ambavyo vinafuata mishahara na vinachukua muda kuamka. Krona ikianguka, vya nje vinapanda, vya ndani vinabaki vimelala, na nchi nzima inaonekana nafuu kwa sababu ya hivyo vilivyolala. Hambaga ile ilikuwa upande usio wake.

#7 Msomi_wa_Kijiweni

Naona uzi unataka kumaliza kila kitu kwa krona. Kuna nadharia inajulikana tangu 1964, wachumi Balassa na Samuelson waliiandika kila mtu kivyake mwaka huohuo. Nchi tajiri inazalisha sana kwa kila mfanyakazi kwenye bidhaa za kuuza nje, kwa hiyo mishahara ya huko iko juu. Kinyozi na mwalimu wa nchi hiyo hawazalishi zaidi kuliko kinyozi wa nchi maskini, lakini inabidi walipwe vizuri, la sivyo watahamia kiwandani. Matokeo yake huduma zote ni ghali. Nchi tajiri = nchi ghali. Aisilandi ni tajiri. Nukta. Krona ni kelele tu juu ya mstari huo.

#8 Mzani

Nakubali nusu, mkuu. Mstari upo. Timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyoanza kukusanya bei za nchi mbalimbali mwishoni mwa miaka ya 60, akina Kravis, Heston na Summers, iliukuta waziwazi: nchi maskini huwa na bei za chini kuliko kiwango cha ubadilishaji kinavyoonyesha. Ndiyo sababu ukitumia kiwango cha sokoni kulinganisha pato la taifa unawaonea maskini.

Lakini huo mstari unaeleza kwa nini Aisilandi haikai pale walipo Bulgaria. Hauelezi kutoka 2007 hadi 2009 hadi 2017. Tija ya mvuvi wa chewa haikushuka kwa theluthi ndani ya miezi 12, halafu ikapanda tena. Ukiita "kelele" kitu kinachosogeza kipimo kwa pointi 50 na zaidi ndani ya miaka michache, basi wimbo wenyewe hausikiki.

Na kilichoirudisha juu baada ya 2010 kinajulikana: watalii. 2010 walikuwa hawafiki nusu milioni. 2017 walipita milioni 2, kwenye nchi ya watu laki tatu na nusu hivi. Kila mtalii analazimika kununua krona. Vizuizi vya kuhamisha fedha vilivyowekwa Novemba 2008 vilikuwa bado vipo hadi Machi 2017, kwa hiyo fedha iliingia kwa wingi na kutoka kwa kibali. Krona ikapanda hadi katikati ya 2017 euro ikawa kama krona 110 hadi 120. Hapo ndipo ile 166 ilipozaliwa.

#9 Forodha

Kwa uzoefu wangu wa kusafisha mizigo, mnazunguka mbuyu. Jibu ni kodi. Nchi yoyote ndogo inayoagiza kila kitu, serikali inakaa bandarini na kikapu chake. VAT ya asilimia 24, ushuru, pombe inauzwa hasa na maduka ya serikali. Ondoa kodi uone kama haitakuwa nchi ya kawaida.

#10 Mzani

Forodha, historia imekufanyia jaribio hilo bila kukutoza.

Tarehe 1 Januari 2015 walifuta ushuru wa jumla wa bidhaa uliokuwa juu ya vifaa vya umeme, vipuri na mengineyo. Siku hiyohiyo VAT ya juu ikashuka kutoka 25.5 hadi 24, ingawa ile ya chini, ya chakula na vitabu, ilipanda kutoka 7 hadi 11. Tarehe 1 Januari 2016 wakafuta ushuru wa forodha wa nguo na viatu. Tarehe 1 Januari 2017 wakafuta wa karibu bidhaa zote za viwandani zilizobaki. Mfumuko wa bei miaka hiyo ulikuwa chini ya lengo la benki kuu la asilimia 2.5. Mei 2017 Costco, wale wa maduka makubwa ya jumla kutoka Marekani, nao wakafungua, watu wakapanga foleni. Yaani kila kitu ambacho ungetaka kifanyike ili bei zishuke, kilifanyika.

Na mwaka huohuo wakawa ghali kuliko nchi zote za Ulaya.

Sisemi kodi haina kazi. Bila hatua zile labda ingekuwa zaidi ya 166. Na kwa pombe nakupa mia kwa mia: hapo kodi ndiyo bei, chupa ni kisingizio. Mazao ya kilimo pia bado yanalindwa na ushuru. Lakini kwa jumla yake krona ilikula punguzo lote na kuomba nyongeza.

#11 Binti_Ufukweni

Naomba nichangie kama mtu aliyekaa kule mwaka mmoja na nusu, 2016 na 2017.

Mnaongea kama nchi nzima ina bei moja. Haiko hivyo. Nilipofika nilikuwa naishi kwa kukokotoa kila kitu kichwani, na mara ya kwanza kwenda saluni nilitoka nimekasirika siku nzima. Kuketi mgahawani nilifanya mwezi mara moja. Lakini chumbani kwangu hita ilikuwa inawaka mchana na usiku, na joto likizidi tulifungua dirisha. Nje theluji, ndani dirisha wazi, hita inawaka! Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mtu mzima, aliponiona nainama kuzima hita alinicheka, akaniambia acha hiyo, fungua dirisha tu. Nyumba karibu 9 kati ya 10 kule zinapashwa joto na maji ya moto ya ardhini, bili ni kidogo. Bwawa la maji moto la mtaa nililienda karibu kila jioni, kiingilio kilikuwa sawa na kahawa, wakati mwingine pungufu ukiwa na kadi.

Kwa hiyo nikisoma "166" najiuliza ni 166 ya nani. Mtalii wa siku tano anayelala hotelini na kula nje, kwake pengine ni zaidi. Mwenyeji mwenye nyumba yake, hita yake na bwawa lake la jioni, siamini kama ni hiyo.

#12 Mzani

Dada Binti, mchango huu una uzito kuliko nusu ya niliyoandika. Hiyo 166 ni wastani wenye mizani, na mizani inatokana na matumizi ya kaya zote za nchi. Hakuna mtu anayeishi kwenye wastani. Nishati iko upande mmoja, pombe upande mwingine, katikati yake kuna shimo.

#13 Kokotoa

Samahani kuingilia, kuna mtu kwenye kundi fulani ameunukuu uzi huu akisema "kumbe ukitoka Aisilandi kwenda nchi ya wastani ya Ulaya, kila kitu ni nafuu kwa asilimia 66". HAPANA. 100 kwa 166 ni 0.60. Unashuka asilimia 40. Kupanda na kushuka havilingani kwa asilimia, hilo la darasa la saba jamani.

#14 Kibatari

Mimi swali langu la kizembe: hizo bei nani anazikusanya? Wanajuaje kwamba wanalinganisha kitu kilekile?

#15 Mzani

Si la kizembe hata kidogo, ndilo swali ambalo ofisi za takwimu linawanyima usingizi.

Kila nchi idara yake ya takwimu inatuma wapima bei madukani, kwa Aisilandi ni Hagstofa Íslands. Eurostat na OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea, wanaratibu. Kikapu cha kaya wanakigawa kwenye duru sita, kila duru nusu mwaka, kwa hiyo kuzunguka kikapu kizima kunachukua miaka mitatu; bei za duru za zamani zinasogezwa mbele kwa takwimu za mfumuko. Bei zinachukuliwa hasa mji mkuu, halafu zinarekebishwa ziwakilishe nchi nzima. Kwa Aisilandi hilo ni jepesi, maana wengi wako Reykjavik na vitongoji vyake.

Kazi ngumu ni maelezo ya bidhaa. Hawaandiki "shati". Wanaandika shati la kiume, mikono mirefu, pamba asilimia kadhaa, rangi moja, chapa ya daraja fulani. Ukitaja chapa kwa ukali mno, nchi ndogo haina duka linaloiuza na mpima bei anarudi mikono mitupu. Ukilegeza, mmoja anapima shati la duka la kifahari na mwingine la sokoni. Kisha kila nchi inaweka alama ya nyota kwenye bidhaa ambazo watu wake kweli wanazinunua. Nyota ina maana: bidhaa isiyopendwa huwa ghali kwa sababu haichangamki dukani, na usipoipunguzia uzito unaifanya nchi ionekane ghali kwa kitu ambacho hawali.

Halafu kuna shule na hospitali, ambako hakuna bei dukani, na kodi za nyumba, ambako hakuna nyumba mbili zinazofanana. Hapo kuna makadirio mengi, na ndiyo maana Eurostat wenyewe wanaonya kwamba nchi zikikaribiana kwa pointi chache usizipange nani wa kwanza nani wa pili. Magazeti yanapanga vilevile.

#16 Dalali_wa_Noti

Haya, twende kwenye hela. Kama PPP inasema krona 158 ndizo sawa na euro, na sokoni euro ni 115, basi krona imezidishiwa thamani. Lazima ishuke. Mtu anauza krona, anasubiri, anavuna. Au nakosea wapi?

#17 Mzani

Unakosea kwenye "lazima" na kwenye "anasubiri".

Aliyeipa PPP jina lake ni Msweidi, Gustav Cassel, mwaka 1918, wakati vita vimeivuruga fedha ya kila nchi na watu wanauliza viwango virudi wapi. Kwa kazi hiyo, ambapo nchi moja imechapisha noti mara kumi na nyingine mara mbili, ilifaa sana. Wewe unataka kuitumia kubashiri wiki ijayo.

Watafiti wamepima kasi ambayo fedha inarudi kwenye PPP. Mchumi Rogoff alipoyakusanya majibu 1996 alisema yanakubaliana kwamba pengo linachukua kati ya miaka 3 na 5 kupungua hadi nusu. Nusu, mkuu! Na hapo katikati riba unalipa wewe. Tena kwa nchi tajiri pengo lenyewe halitakiwi kufika sifuri, kwa ile sababu aliyoisema Msomi wa Kijiweni hapo juu. Krona ilishuka baada ya 2017, ni kweli, 2019 euro ilikuwa kwenye 135 hadi 140. Lakini yapo mambo mengine yaliyotokea, ikiwemo shirika lao la ndege la bei nafuu, WOW, kufilisika Machi 2019 na watalii kupungua.

Au chukua Uswisi. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu yao iliacha kuizuia faranga isipande thamani kupita 1.20 kwa euro, na kwa asubuhi moja ikaruka. Nchi ambayo jana ilikuwa ghali ikawa ghali zaidi. Aliyekuwa ameuza faranga akisubiri PPP imwokoe alifilisika kabla ya chakula cha mchana.

#18 Msomi_wa_Kijiweni

Nakubali kushindwa nusu, kama ulivyokubali nusu yangu. Ila niongeze tahadhari moja kwa wanaopenda "pato la mtu mmoja mmoja kwa PPP": kwenye nchi ndogo tatizo linaweza kuwa juu ya mstari wa kugawanya, yaani kwenye pato lenyewe, kabla hata hujagusa bei. Ayalandi 2015 pato la taifa lilikua kwa takriban asilimia 25, kwa sababu makampuni ya nje yalihamishia mali zao kwenye vitabu vya huko. Luxemburgi nayo, wafanyakazi wengi wanalala Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Wanazalisha pato, lakini ukigawanya kwa wakazi hawamo. Unaweza kurekebisha bei kwa ufundi wote wa dunia, ukaishia kupata namba safi ya kitu kisichokuwepo. Angalia matumizi halisi ya mtu mmoja mmoja, hayo angalau yameliwa na mtu.

#19 Mzani

👆🏾 Hii ibandikwe juu.

#20 Mgeni_Njiani

Wakuu, nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Nina swali la kweli kabisa. Nimepewa kazi Reykjavik, mshahara kwa krona. Kwa kiwango cha sokoni ni karibu mara moja na nusu ya ninaopata sasa kwenye nchi ya bei za wastani za Ulaya. Ndugu zangu wote wameshaanza kunipongeza. Nifanyeje hesabu?

#21 Mzani

Hongera kwanza, pongezi za ndugu usizirudishe.

Hesabu ya haraka: gawanya 1.5 kwa kiwango cha bei za kaya, usitumie kile cha pato lote la taifa maana ndani yake kuna madaraja na ofisi za serikali ambazo hutazinunua. Tumia cha mwaka wa karibuni, siyo 166 ya 2017. Kikiwa 1.5, umesimama palepale. Ila hapo nimekupa jibu la mkazi wa wastani, ambaye tumeshasema hayupo. Kwa hiyo kaa chini na matumizi yako. Kodi ya nyumba iandike kwa krona halisi kutoka kwenye matangazo, usiikadirie. Nishati punguza. Kula nje na kinywaji, ongeza bila huruma. Kodi ya mshahara toa kabla ya yote. Na kama kuna fedha unatuma nyumbani kila mwezi, hiyo itoe nje ya kikapu: haipiti kwenye maduka ya Reykjavik, inapita kwa mbadilisha fedha peke yake. Kwa sehemu hiyo mara moja na nusu ni mara moja na nusu kweli, hadi siku krona itakapocheza.

#22 Mgeni_Njiani

Karibu theluthi ya mshahara wangu natuma. Kinywaji situmii.

#23 Binti_Ufukweni

Kaka, nenda. Na hita usiizime, fungua dirisha.